Kitui na Makueni: Mahali Tulipongojea

Mgeni anayefika Kitui kwa mara ya kwanza huja na orodha yake. Atataka kupelekwa Nzambani, apande ngazi za chuma hadi juu ya jiwe, apigwe picha, ashuke, kisha aulize ni wapi mjini wanachoma mbuzi vizuri. Simlaumu. Jiwe lile linastahili safari. Limesimama kilomita chache tu kutoka mjini, na hadithi ya msichana aliyegeuka jiwe kila mtoto wa huku huijua kabla hajajua kusoma. Tuliambiwa pia kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika: mwanamume akawa mwanamke, mwanamke akawa mwanamume. Shule ilipotupeleka huko, wavulana wakubwa waliapa kwamba watakamilisha mizunguko yote. Hakuna aliyekamilisha. Walisema ni miiba.

Lakini nikiwa mbali na nyumbani nikaanza kukumbuka, Nzambani haiji kwanza. Hunijia mahali ambapo hata ukimpeleka mgeni hutajua umwonyeshe nini: kipande cha mto wa mchanga, ukuta wa duka karibu na steji, kivuli cha mbuyu upande wa Ikutha, ukumbi wa kulia chakula kule Makindu. Nimejiuliza kwa nini ni hapo na si kwingine, na jibu ninaloliona ni kwamba kote huko nilikuwa nangojea. Ukambani mvua hungojewa, maji hungojewa, matatu hungojewa ijae, mtu wa Nairobi hungojewa mwisho wa mwezi. Mtoto aliyeambiwa akae pale angoje hana kazi nyingine ila kutazama, na alichokitazama kwa saa nyingi hakimtoki tena.

Nianze na mto. Ukiacha Athi upande wa magharibi na Tana kule kaskazini, mito mingi ya Kitui ni ya msimu. Tiva, Thua, Nzeeu, na Kalundu unaopita chini ya mji wenyewe, huvimba mvua zinapofika, hasa zile za Oktoba hadi Desemba ambazo mkulima wa huku huzitegemea kuliko za Machi. Hunguruma siku chache, hushuka, kisha hubaki mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mpita njia atasema mto umekauka. Mwenyeji anajua maji yako ndani ya mchanga, mahali ambapo jua haliyafikii.

Wakati wa likizo nilipelekwa kwa susu, nyanya yangu mzaa baba, na kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kuteremka mtoni na punda. Shimo lilichimbwa kwa mikono na kipande cha sufuria kuukuu. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na wa moto, wa chini yake ukaanza kushikana, kisha maji yakatokeza polepole, machafu. Unayachota, unayamwaga. Yanarudi yakiwa na nafuu kidogo, unayamwaga tena. Baada ya hapo unakaa. Kata moja, unangoja. Kata nyingine, unangoja. Mwezi wa Septemba, mtungi mmoja wa lita 20 ungeweza kukulia asubuhi nzima, na nyuma yako kulikuwa na mitungi ya wenzako iliyopangwa mstari, kila mmoja ukimwakilisha mwenyewe aliyekwenda kuketi kivulini. Hakuna aliyethubutu kuusogeza mtungi wa mtu mwingine. Nimeishi miji yenye foleni za watu waliovaa suti, na sijaona adabu kama ile ya mitungi.

Pale kivulini ndipo nilipojulia habari za dunia. Nani ameachishwa kazi Mombasa, nani amerudi na mke ambaye mama mkwe hamtaki, ni mwalimu gani anayependa pombe ya asali kuliko chaki. Watoto walidhaniwa hawasikii. Susu alikuwa na kiondo chake kwapani, nyuzi za katani zikipita kati ya vidole bila yeye kuzitazama. Mkononi mwa mwanamke wa Kikamba kiondo hakikuwa na saa yake maalumu. Kilisukwa njiani, kilisukwa barazani kwa chifu, kilisukwa mtoni. Wanaovinunua Nairobi na Ulaya hulipia nyuzi na rangi. Saa za mtoni wamepewa bure.

"Usichote kwa pupa," aliniambia susu, "utalitibua shimo, na aliye nyuma yako atakulaani."

Leo shimo lile haliko. Miaka ya 1990 shirika la SASOL lilianza kujenga mabwawa ya mchanga Kitui pamoja na wanakijiji, na upande wa Machakos na Makueni vikundi vya Utooni vilikuwa vimeshaifanya kazi hiyo. Jambo lenyewe ni rahisi hata unashangaa lilichelewa vipi kuenea. Unatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mto, unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto mzima, unasubiri mafuriko. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, maji hukaa katikati ya chembe zake. Hayapotei kwa jua, mbu hawapati pa kuzalia, ng'ombe hawayachafui. Ukuta uliojengwa vizuri hupandisha maji hata kwenye mashamba ya kingoni, watu wakalima sukuma wiki na nyanya mahali palipokuwa na miiba. Mawe yalibebwa na watu wenyewe kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ya Wakamba ambayo serikali zote, ya mkoloni na zetu, zimeisifu sana zilipokuwa hazina pesa za kuchangia.

Kwa hiyo wanawake wa kijiji kile sasa wanangoja kidogo kuliko susu, na hakuna mtu mwenye akili atakayesikitikia hilo. Nisikitikiacho mimi ni mchanga wenyewe. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa mito yetu. Malori yalikuwa yakija usiku, na mto uliochotwa mchanga hadi kwenye mwamba hauna tena pa kuweka maji. Utafurika Novemba na Januari utakuwa barabara. Makueni damu imemwagika kwa ajili ya mchanga. Kaunti hiyo ilitunga sheria yake ya kuulinda mwaka 2015, na pale inapotekelezwa utaona mito imeanza tena kuwa mito. Pale isipotekelezwa, utasikia injini saa nane za usiku.

Si kila mahali nilipongojea napapenda. Kuna uwanja mbele ya ofisi ya chifu ambapo mwaka 1984 tulipanga foleni ya mahindi ya msaada, yale ya manjano yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Ugali wake ulikuwa na rangi ya mayai na harufu ambayo sijaisahau. Wazee wa huku huhesabu miaka kwa majina ya njaa. Ile ya Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19, bado inatajwa na watu ambao hata babu zao walikuwa wachanga ilipopita. Uwanja ule naupita haraka.

Mjini, mahali pangu palikuwa ukuta wa duka moja karibu na steji. Kitui ya utotoni mwangu ulikuwa mji mdogo wenye mteremko mmoja: juu maofisi na kanisa kuu la Wakatoliki, chini soko la Kalundu. Baba zetu wengi hawakuishi Kitui. Waliishi Nairobi, Mombasa, Thika, na walikuja kama mvua, kwa msimu. Katikati ya misimu walituma bahasha kwa makanga. Ijumaa jioni watoto tuliketi juu ya ukuta ule tukitazama barabara ya Kanyonyoo, na kila basi lililotokea lilikuwa na mjadala wake: ni lile la baba wa fulani, au silo? Makanga alishuka na mfuko wa karatasi, akaita majina ya mama zetu kwa sauti kama anaita mahudhurio darasani. Bahasha ikipatikana, jioni hiyo tulinunuliwa mandazi. Isipopatikana, tulirudi nyumbani tukifikiria namna ya kumwambia mama, na tuliongea kwa sauti kubwa mambo mengine mpaka mlangoni.

M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 ule ukuta ulipoteza kazi. Pesa za baba hufika sasa mtu akiwa anakamua ng'ombe. Ni bora, ni salama, na makanga hawezi tena kusema bahasha imeanguka dirishani. Hata hivyo nikipita pale mimi hutazama upande wa barabara. Ule mji mmoja wa mteremko mmoja umetawanyika mpaka Ithookwe, na Oktoba 2025 Rais na wageni wake walikuja kuadhimisha Mashujaa Dei kwenye uwanja wa huko. Ndugu zangu walioenda wananiambia walifika usiku ili wapate nafasi. Walingoja, yaani, kama watu wa Kitui.

Tena hatukuanza jana. Mmishenari Ludwig Krapf alikuja huku mwaka 1849 akitokea Rabai, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika Mombasa. Kivoi alimwambia kuna mlima mkubwa kuliko Kilimanjaro, wenye kitu cheupe kileleni, na kwamba anga likiwa safi huonekana kutoka huku kwetu. Tarehe 3 Desemba, katikati ya msimu wa mawingu, anga likawa safi na Krapf akauona Mlima Kenya. Wataalamu wa Ulaya walimbeza: theluji karibu na ikweta? Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na Tana, Krapf akiwa safarini pamoja naye, kwa hiyo hakuishi kuona jinsi wataalamu wale walivyonyamaza. Mlima uko palepale. Kwa anayetoka Kitui kwenda kuutafuta Nanyuki, namwambia asubiri asubuhi nzuri ya Novemba baada ya mvua, aokoe nauli.

Mama yangu ni wa Kibwezi, ng'ambo ya Athi, na kwa hivyo nusu ya kumbukumbu zangu ziko Makueni. Ramani ilionyesha barabara moja kwa moja kutoka Kitui kupitia Ikanga, Mutomo na Ikutha. Ramani haikuonyesha vumbi. Lori au basi liliondoka kabla ya alfajiri, likipita vijito visivyo na daraja, na ikiwa mvua imenyesha mahali tusipopaona, kijito kilichokuwa mchanga asubuhi kilikuwa maji mekundu mchana. Dereva alizima injini. Watu walishuka, akina mama wakawasha moto, mtu akatoa muhogo. Tulikaa chini ya mbuyu tukavunja mabuyu, tukamumunya unga wake wenye ukali, tukatemea mbegu mtoni kuona zinakwenda kwa kasi gani. Mzee mmoja alipanda fimbo ukingoni. Maji yakishuka chini ya alama, safari itaendelea. Hakuna aliyembishia yule mzee mwenye fimbo, hata dereva.

Nilimkumbuka mzee huyo Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021. Upande wa Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika maji ya Mto Enziu na kusombwa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Kuna video ambayo kila mtu wa Kitui aliiona na wengi hatutaki kuiona tena. Walioko ukingoni wanaonekana wametulia, kama watu waliotulia kwenye mito hii tangu zamani, mpaka dakika ile.

Barabara ya Kibwezi hadi Kitui imetiwa lami miaka michache iliyopita. Unaondoka Kitui baada ya chai, unakula chakula cha mchana Kibwezi. Unavuka Tambarare ya Yatta, ule ukuta mrefu wa lava wa karibu kilomita 300 ambao wanajiolojia huuhesabu kati ya mikondo mirefu zaidi ya lava duniani, na kwa kasi ya matatu za leo unaupanda na kuushuka kabla wimbo wa redioni haujaisha. Mibuyu bado ipo. Hakuna anayesimama chini yake, isipokuwa wanaouza mkaa.

Ukishavuka Athi, mambo hubadilika. Kibwezi na Makindu ni nchi kavu vilevile, lakini mvua inayonyesha Milima ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano na kutokea chini kama chemchemi, ndiyo maana katikati ya ukavu utakuta msitu wa Kibwezi na mto wa Kiboko wenye maji mwaka mzima. Mjomba alinipeleka Kiboko kuona bwawa la Hunter's Lodge na migunga yake ya manjano. Nilipouliza Hunter ni nani, aliniambia ni Mzungu aliyemaliza faru. Nilidhani ni mzaha. Si mzaha: kati ya 1944 na 1946, serikali ya kikoloni ilipotaka kufungua Makueni kwa makazi, J. A. Hunter aliajiriwa kuwaua faru wa eneo hilo, na aliua karibu 1,000. Mashamba ya maembe unayoyaona leo kuelekea Wote yako juu ya hesabu hiyo. Familia ya mama yangu ilipata ardhi, faru hawakuulizwa. Sijui kupatanisha mambo hayo mawili na nimeacha kujaribu.

Makindu, basi. Kama ningeruhusiwa kuchagua pahali pamoja tu, ningechagua hapo. Mjomba alikuwa na jamaa wanaoendesha malori ya Mombasa, na tulipotaka kwenda popote tulikwenda kungojea Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga, au Makalasinga kama tulivyowaita sote. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926 mahali ambapo vibarua na mafundi waliotoka Punjab walikuwa wakikusanyika kusali tangu enzi za ujenzi wa reli, iliyopita hapa ikielekea Nairobi ilikofika mwaka 1899. Kanuni zake ni chache. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unakula, unaosha sahani yako. Hakuna anayekuuliza dini yako wala unakokwenda. Hakuna anayekulipisha.

Kwa mtoto aliyekulia mahali ambapo chakula cha bure kilimaanisha foleni ya chifu na mahindi ya manjano, hili lilikuwa fumbo. Nilikaa sakafuni na sahani ya dengu, mboga na chapati, nikimngojea atakayekuja kutudai. Akaja mzee mwenye ndevu nyeupe na birika. Mjomba akasimama, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto ameshiba?"

"Ameshiba, ahsante."

"Hajashiba," akasema yule mzee, akaniongeza chai.

Kando yetu waliketi utingo wa lori wenye mafuta mikononi, familia ya Kihindi kutoka Mombasa iliyovaa hariri, mwanamke wa Kimasai aliyetoka soko la ng'ombe la Emali, na askari aliyelala ameegemea ukuta. Nimewahi kula katika hoteli zenye nyota. Watu wa namna hiyo sijawaona tena wameketi sakafu moja. Treni ya zamani ilipita nje ikipiga honi, sisi tukahesabu mabehewa. Sasa ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei na kuipita Makindu kwa kasi. Hekalu halikukosa wageni kwa sababu hiyo. Barabara kuu bado inawaleta. Ila treni haihesabiki tena, inapita kabla hujafika kumi.

Wapo watakaosema nasifu dhiki. Wanangu husema hivyo, hasa wanapokosa mtandao mahali nilipokwama mimi siku mbili bila hata redio. Sisifu dhiki. Ningependa kila nyumba ya Kitui iwe na mfereji, na kila kijito kiwe na daraja. Nasema tu kwamba kaunti hizi mbili zina watu zaidi ya milioni mbili kwa hesabu ya sensa ya 2019, na sehemu kubwa ya watu hao bado wako mahali fulani wanangoja. Msimu wa maembe utawakuta wakulima nje ya kiwanda cha matunda cha Kalamba na magari yaliyojaa matunda, watoto wakiuza maji na mahindi ya kuchemsha katikati ya malori. Watakumbuka hapo, watoto hao, watakapokuwa watu wazima Nairobi au Doha, na hawatakumbuka sherehe ya kuzindua kiwanda.

Magavana wetu wanapenda kujenga matao yenye maneno ya kukaribisha wageni. Tao la Kitui, tao la Makueni, picha ya gavana kando yake. Ningeulizwa mimi, fedha hizo ningenunulia mabenchi. Moja Ikutha, moja Mutomo nje ya hospitali, mawili Kibwezi pale matatu za Kitui zinapojaza abiria, mengine Kalamba. Marefu, ya mbao ngumu, yenye nafasi ya kuweka mtungi chini na kiondo pembeni. Na kwa ajili ya Novemba, paa.